MAVUNO YA KOROSHO TANZANIA: YALIVYOANGUKA, YALIVYOINUKA, NA FUNZO KWA MKULIMA

Bila shaka umesikia kwamba katika msimu wa 2024/25 Tanzania ilipata korosho nyingi kuliko msimu wowote uliotangulia, zaidi ya tani 500,000. Habari hiyo ni njema, na wewe uliyepalilia na kupulizia una haki ya kuifurahia. Lakini jiulize swali moja: katika msimu huo kila mkorosho wako ulitoa kilo ngapi?

Wakulima wengi hawawezi kulijibu swali hili. Wanajua walipeleka kilo ngapi ghalani, na wanajua walilipwa shilingi ngapi. Hawajui mti mmoja ulizaa nini. Hilo ni kosa dogo mwaka wa mavuno mengi, lakini ni kosa kubwa mwaka wa mavuno haba, kwa sababu mtu asiyejua mti wake ulikuwa unazaa kiasi gani hawezi kujua ni lini umeanza kupungua.

Nchi yetu imekwisha kuonja jambo hili. Katika muda wa miaka 13 tu, zao la korosho lilishuka kutoka mahali pa juu sana hadi likakaribia kupotea. Yafaa kila mkulima ajue lilivyoanguka na lilivyoinuka, maana sababu zile zile zaweza kurudi.

MKOROSHO ULIVYOENEA

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni Brazili, upande wa kaskazini-mashariki. Wareno waliuleta katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, nao ukaipenda nchi. Hustahimili mchanga usio na rutuba na huvumilia kiangazi kirefu, na mzizi wake huenda chini sana kutafuta maji.

Kwa muda mrefu watu walikula mabibo na kuchoma korosho kidogo za nyumbani. Baadaye, katika karne ya 20, wafanyabiashara walianza kununua korosho ghafi ili kuzipeleka Uhindi zikabanguliwe huko. Hapo watu wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani wakaona faida. Walipanda korosho katika mashamba yao ya muhogo, mahindi na njugu. Mkulima alipokuwa akipalilia chakula chake, alikuwa akipalilia mikorosho pia. Chakula kilipokwisha kuvunwa miaka michache, miti ilikuwa imekua na shamba limegeuka kuwa la korosho.

Kwa njia hii rahisi mavuno yalipanda mwaka hadi mwaka katika miaka ya 1950 na 1960. Tazama vizuri yalivyopanda: yalipanda kwa sababu miti ilikuwa inaongezeka. Mkulima alipotaka korosho zaidi, alifungua shamba jingine.

TAZAMA HESABU HII

Hizi ni korosho ghafi zilizouzwa Tanzania katika baadhi ya misimu:

Msimu wa 1973/74: tani 145,000 hivi.
Msimu wa 1986/87: tani 17,000 hivi.
Msimu wa 2011/12: tani 158,000 hivi.
Msimu wa 2017/18: tani 313,000 hivi.
Msimu wa 2022/23: chini ya tani 200,000.
Msimu wa 2024/25: zaidi ya tani 500,000.

Soma mistari miwili ya kwanza tena. Mavuno ya 1986/87 hayakufika hata sehemu moja ya nane ya mavuno ya 1973/74. Kisha tazama mstari wa tatu. Ilitupasa kungoja mpaka 2011/12, karibu miaka 40, ndipo tuipite hesabu ya 1973/74. Kijana aliyezaliwa mwaka ule wa mavuno makubwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wakati nchi iliporudi mahali ilipokuwa.

KWA NINI MAVUNO YALIANGUKA?

Sababu hazikuwa moja. Zilikuja pamoja, kila moja ikaipa nyingine nguvu.

Sababu ya kwanza ni umbali. Kati ya mwaka 1974 na 1976, katika Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa kutoka katika makao yao na kukusanywa katika vijiji. Watu huhama, lakini mikorosho haihami. Mkulima aliyekuwa analala katikati ya miti yake alijikuta ana mwendo mrefu wa kuifikia. Mashamba yakaota vichaka, na vichaka vikaleta moto. Na hata pale ambapo moto haukufika, korosho zilizoanguka katika majani marefu haziokoteki.

Sababu ya pili ni bei. Katika miaka hiyo mkulima alilipwa sehemu ndogo ya fedha iliyopatikana kwa kuuza korosho nje ya nchi, na sehemu hiyo ilizidi kupungua. Mtu hawezi kutembea saa nzima kwenda kufyeka shamba ambalo halimpi fedha ya kununua nguo za watoto. Basi wengi walirudi kwenye mazao ya chakula, wakaiacha mikorosho.

Sababu ya tatu ni ugonjwa. Mwaka 1979 wataalamu waliutambua nchini ugonjwa wa ubwiri unga katika mikorosho. Ugonjwa huu uliikuta miti iliyokwisha kuachwa, iliyosongamana na yenye kivuli kingi, nao ukastawi ndani yake kama moto katika majani makavu.

UBWIRI UNGA NI NINI?

Ubwiri unga huletwa na kuvu, yaani kiumbe kidogo sana kisichoonekana kwa macho mpaka kiwe kimeenea. Ukienea huonekana kama unga mweupe au wa kijivujivu uliopakwa juu ya majani machanga na maua. Hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Kuvu hii haipendi majani makuu yaliyokomaa. Hupenda vitu laini: jani changa, ua, bibo dogo na korosho changa. Maua yakishikwa hubadilika rangi, hukauka na kupukutika bila kufunga korosho. Mabibo yanayookoka hupasuka ngozi. Vumbi lake huchukuliwa na upepo kutoka mti hadi mti na kutoka shamba la jirani hadi shamba lako. Usiku wenye ubaridi na unyevu, kama ule wa miezi ya Juni, Julai na Agosti, huupa ugonjwa nguvu. Na miezi hiyo ndiyo mikorosho yetu ya kusini huchipua na kutoa maua.

Sasa unaweza kuelewa udanganyifu wa ugonjwa huu. Mti hautakufa. Mwaka mzima utaonekana wa kijani, na mtu apitaye njiani atasema ni shamba zuri. Lakini wakati wa kuokota, chini hamna kitu. Katika shamba lisilotunzwa ubwiri unga waweza kula zaidi ya nusu ya mavuno. Mkulima asiye na hesabu hudhani miti imezeeka, au ardhi imechoka, naye huiacha. Akiiacha, ugonjwa huzidi.

ZAO LILIVYOINUKA

Zao liliinuka kwa kuondolewa zile sababu zilizoliangusha.

Katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, Mtwara, wataalamu walionyesha kwamba salfa ya unga ikipuliziwa kwa wakati wake huzuia ubwiri unga. Mashine za kupulizia zikaletwa, na wakulima wakafundishwa kuzitumia. Kituo hicho kilichagua pia mikorosho izaayo sana na kuhimili ugonjwa, na vikonyo vyake vikaanza kubebeshwa katika miche. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Bei ilipopanda, watu walirudi mashambani, wakafyeka vichaka, na miti iliyodhaniwa kuwa mizee ikazaa tena. Kufika mwaka 2000 mavuno yalikuwa yamevuka tena tani 100,000.

Msimu wa 2007/08 mauzo kwa stakabadhi ghalani yalianza katika korosho, na mnada ukaanza kuamua bei. Baadaye Serikali ilitoa salfa na viuatilifu vingine kwa ruzuku, na kwa misimu kadhaa wakulima walivipata bila kulipa. Miti mingi mipya ilipandwa, hata katika mikoa ambayo zamani haikujulikana kwa korosho.

Hata hivyo safari haikuwa ya kupanda tu. Baada ya mavuno makubwa ya 2017/18, msimu uliofuata soko lilikwama. Wakulima walikataa bei za mnada, na Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Msimu huo mavuno yalikuwa tani 225,000 hivi, na katika 2022/23 yalishuka chini ya tani 200,000. Ndiyo maana tunasema: usiweke tumaini lako katika hesabu ya mwaka mmoja.

MAVUNO YA NCHI NA MAVUNO YA MTI

Hapa ndipo penye jambo kubwa tunalotaka ulikumbuke. Mavuno ya nchi yaweza kuongezeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuongeza miti. Njia ya pili ni kuufanya kila mti uzae zaidi. Ukisikia tani za nchi tu, huwezi kujua ni njia ipi iliyotumika. Hata shamba lako liko hivyo.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima ana eka 2, naye amepanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kila eka ina miti 28, basi ana miti 56. Kama miti yake haitunzwi na kila mmoja hutoa kilo 4, atapata kilo 224. Kama miti ile ile ikitunzwa na kila mmoja ukatoa kilo 10, atapata kilo 560. Ameongeza kilo 336 bila kupanda mti hata mmoja.

Sasa tuseme jirani yake anataka kilo 560 hizo hizo, lakini hataki kutunza. Kwa kilo 4 kwa mti atahitaji miti 140, yaani eka 5. Atafyeka eka 5, atapalilia eka 5, ataokota katika eka 5, naye atapata sawasawa na yule wa eka 2. Isitoshe, ugonjwa ukija atakuwa na miti 140 ya kuuguza badala ya 56.

Zamani ardhi ilikuwa tele, na njia ya kuongeza miti ilifaa. Siku hizi watoto ni wengi, na mashamba yanagawanywa. Mkulima wa leo hana budi kuutazama mti mmoja mmoja.

KAZI ZA KUFANYA KATIKA MWAKA

1. Safisha shamba mapema. Mvua zikielekea kwisha, palilia na kufyeka chini ya mikorosho. Shamba safi haliungui ovyo, na korosho zikianguka zinaonekana.

2. Ondoa maotea. Haya ni machipukizi laini yanayoota ndani ya mti na kwenye shina, penye kivuli. Hayazai. Ubwiri unga hujificha humo wakati mti hauna maua, ukingoja msimu. Ukiyakata kabla ya maua kutoka, utauchelewesha ugonjwa. Kata pia matawi makavu na yale yanayogusa ardhi.

3. Punguza miti iliyosongamana. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Matawi ya miti miwili yakikutana, upande ule hauzai tena. Usione uchungu kuondoa mti mmoja ili uliobaki upate jua pande zote. Ondoa ule uzaao kidogo, si ule ulio karibu na njia.

4. Pulizia salfa kwa wakati. Anza vikonyo vya maua vinapoanza kutokeza, usingoje mpaka unga mweupe umeenea shamba zima. Salfa hulinda ua zima, haifufui ua lililokufa. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kila awamu, na kurudia baada ya siku 14, kwa awamu 4 au 5. Kwa mfano wetu wa miti 56, awamu 4 zitahitaji kilo 56 za salfa, yaani mifuko miwili ya kilo 25 na zaidi kidogo. Muulize afisa ugani wako kipimo kinachofaa miti yako.

5. Pulizia alfajiri. Wakati huo upepo umetulia na majani yana umande, na salfa hushika vizuri. Vaa nguo ndefu, funika pua na mdomo, na linda macho. Ukimaliza, oga kabla ya kula.

6. Usizidishe salfa. Wako wanaodhani kwamba kama robo kilo inafaa, nusu kilo itafaa mara mbili. Sivyo. Salfa inayoanguka chini huongeza uchachu wa udongo, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuuhimili mwaka baada ya mwaka. Mazao ya chakula yanayopandwa chini ya mikorosho yataumia baadaye.

7. Tazama wadudu. Mbu wa mikorosho hufyonza machipukizi na maua, na kuacha madoa meusi na ncha zilizokauka. Kama una chungu wale wekundu waitwao maji moto, usiwachome wala kuwaua. Wanauma, lakini wanawafukuza wadudu wabaya. Tumia dawa ya wadudu pale tu inapohitajika, maana dawa haichagui, itawaua na hao walinzi wako.

8. Badilisha miti dhaifu kidogo kidogo. Mikorosho iliyopandwa kwa mbegu haifanani kuzaa, hata kama mbegu zilitoka mti mmoja. Pale unapoondoa mti mbaya, panda mche uliobebeshwa kikonyo cha aina bora. Au kata mti wa zamani, uache uchipue, kisha bebesha vikonyo bora juu ya machipukizi yake.

WEKA DAFTARI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi namba 3 na namba 8 zilizotajwa hapo juu haziwezekani bila daftari, kwa sababu hutajua mti gani uondolewe na mti gani utunzwe.

Huhitaji elimu kubwa. Chukua daftari la watoto la shule. Chagua miti 10 katika sehemu mbalimbali za shamba, si ile mizuri tu. Ipake namba kwa rangi. Msimu wa kuokota, weka korosho za kila mti namba katika mfuko wake, uzipime, na kuandika. Mwisho wa msimu jumlisha kilo zote za miti 10, kisha gawanya kwa 10. Hayo ndiyo mavuno ya mti wako. Andika pia siku ulizopulizia, kiasi cha salfa, na kama mvua ilinyesha wakati wa maua.

Baada ya misimu mitatu daftari litaanza kusema nawe. Kama mvua ya maua iliharibu, mavuno ya miti yote yatashuka mwaka mmoja na kurudi mwaka unaofuata. Kama ni ugonjwa, yatashuka na kuendelea kushuka. Kama ni mti dhaifu, huo mmoja utakuwa chini kila mwaka wakati wenzake wamepanda. Mambo haya matatu dawa zake si moja, na bila daftari yote huonekana kama jambo moja: "mwaka huu korosho hazikuzaa."

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

Kwanza, kuna ugonjwa mwingine. Mwaka 2012 mnyauko wa fuzari ulionekana katika mikorosho ya Mkoa wa Pwani. Kuvu yake hukaa ndani ya udongo. Matawi hugeuka manjano na kukauka, na hatimaye mti wote hufa. Salfa haiuzuii. Ukiona mti unakauka ghafla, usihamishe udongo wake wala kuni zake mbichi, safisha jembe na panga kabla ya kwenda mti mwingine, na umwite afisa ugani siku hiyo hiyo.

Pili, ruzuku ni msaada, wala si urithi. Salfa ikitolewa bure, itumie vizuri na ushukuru. Lakini katika mwaka wa bei nzuri weka akiba kidogo ya kununua salfa ya mwaka ujao. Ruzuku ikichelewa wiki tatu katika mwezi wa Julai, maua hayatakusubiri. Mwenye akiba ataokoa mavuno yake, na asiye nayo atatazama.

MWISHO

Ndugu mkulima, mavuno ya Tanzania hayapatikani Dodoma wala Dar es Salaam. Ni jumla ya kilo za mti wako, za mti wa jirani yako, na za kila mkulima anayeinama kuokota. Baada ya 1974 miti ilipoachwa mmoja mmoja, nchi nzima ilianguka. Ilipofyekewa na kupuliziwa mmoja mmoja, nchi nzima iliinuka.

Basi msimu huu usiishie kusikiliza tani za nchi. Chagua miti yako 10, ipake namba, ununue daftari. Afisa ugani akija shambani kwako, jambo la kwanza mwonyeshe daftari hilo, naye atakuwa na la kukuambia.